Tangi la mita moja na nusu kutoka kwa fundi vioo wa Mtwara: kioo kinastahili, vingine chagua

Kinachopimwa hapa ni tangi la samaki na mimea ya majini, la urefu wa sentimita 150, upana 50 na kimo 60, la kuagiza kwa mafundi wa alumini na vioo wa Mtwara Mjini, pamoja na vinavyoambatana nalo: kichujio cha nje cha Kichina kilichoandikwa lita 2,000 kwa saa, taa ya seti, mtungi wa kaboni dioksaidi wa kukuzia mimea, na samaki wanaopakiwa Dar es Salaam na kushushwa stendi. Mtu wa Lindi naye yumo humu. Kioo kitupu kikifungwa magodoro husafiri salama hizo kilomita mia na ushee.

Hukumu ni hii. Tangi linastahili pesa yake ukilisimamia. Kichujio kinastahili kwa masharti. Taa ya seti iache. Kaboni dioksaidi kwa pwani hii ni kununua ugonjwa, na pesa yake ina kazi bora kwenye unene wa kioo, betri na simtanki. Tunayaita maji baridi, lakini msimu wa kaskazi maji hayo hufika nyuzi 30 yakiwa sebuleni kivulini, na karibu kila lawama iliyomo humu chini inaanzia kwenye nyuzi hizo.

Kioo

"Milimita 8 inatosha, bosi." Utaambiwa hivyo karakana ya kwanza na ya pili, na haitoshi. Kinachopasua tangi ni kina cha maji na urefu wa kioo, si wingi wa lita. Kwa maji ya kina cha sentimita 55, kioo cha mbele cha mita moja na nusu kinasukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 220 hivi, usiku na mchana. Ungelipanua tangi likawa na upana wa mita nzima, kioo hicho cha mbele kingesukumwa kiasi kilekile. Ugumu wa kioo hupanda kwa kipeo cha tatu cha unene, kwa hiyo cha milimita 12 hupinda chini ya theluthi moja ya kile cha milimita 8 kwa mzigo uleule. Agiza 12 pande zote na sakafuni.

Sisitiza pia mikanda: vipande vya kioo hichohicho vya upana wa sentimita 6, vilazwe juu kwa ndani kufuata ukingo wote wa mbele na wa nyuma, kisha daraja moja la sentimita 15 katikati la kuishika mikanda hiyo. Fundi mzoefu wa makabati hupenda kuweka daraja peke yake. Daraja bila mikanda hukusanya nguvu yote mahali pamoja, na silikoni huanza kuachia hapohapo. Kioo kilichokazwa kwa joto, kile cha milango ya maduka, kikatae: hakikatiki tena wala hakitobolewi, na kikigongwa pembeni hugeuka punje.

Kwenye ukataji mafundi hawa hawana deni. Pima kona kwa kona: kioo cha mbele cha 150 kwa 60 kinatakiwa kutoa sentimita 161.5 na kitu kidogo kwa ulalo wote wawili, na tofauti ikizidi milimita 2 kirudishwe kabla ya gundi.

Gundi ndiyo mahali kazi inapoharibika. Silikoni iliyo karibu na mkono wa fundi ni ya bafuni na jikoni, ambayo nyingi huchanganywa dawa ya kuzuia kuvu, na dawa hiyo huua samaki polepole bila maji kuonyesha lolote. Nunua mwenyewe ile iliyoandikwa kuwa ni ya akwariamu, au silikoni tupu isiyo na dawa ya kuvu inayonuka siki inapokauka, umkabidhi fundi mkononi. Kioo kifutwe kwa asetoni, kisha kisiguswe kwa kidole. Kati ya kioo na kioo ibaki silikoni ya milimita 2, si kubanwa mpaka yote itoke nje ionekane safi. Usafi huo ndio unaovuja mwaka wa pili. Silikoni ya namna hii hukauka kwa kunywa unyevu wa hewa, kwa hiyo kwa mara moja hewa ya pwani ni msaada, lakini wiki nzima bado ni ya lazima. Ukiahidiwa "kesho jioni njoo uchukue", tangi lako litajazwa likiwa bichi ndani ya viungo. Na likivuja, kupaka silikoni mpya juu ya ile iliyokwisha kukauka ni kazi bure, kwa sababu hazishikani. Kiungo chote kichongwe upya.

Jaribio lifanyike uani, juu ya ubao ulionyooka: maji mpaka sentimita 5 kutoka ukingoni, magazeti chini, saa 48. Weka rula ndefu mbele ya kioo. Tumbo la milimita 1 au 2 ni la kawaida. Likizidi, toa maji, mjadala uendelee tangi likiwa tupu.

Kwa hesabu ya kalamu tangi ni la lita 450. Ukitoa unene wa vioo, nafasi ya juu, mchanga na magogo, maji yenyewe ni lita 340 hivi, na dozi zote zipimwe kwa 340. Uzito wa jumla unagonga kilo 600: maji 340, kioo 95, mchanga na udongo 80, na kinachobaki ni mawe, magogo na stendi. Stendi ya skwea paipu ya milimita 40 kwa 40 yenye ukuta wa milimita 2 na miguu sita inabeba, ila upepo wa chumvi wa Shangani au Mikindani huanza kuila kwenye maungio ya kuchomelea. Paka redoksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, mara mbili, kisha rangi, ndani ya maungio pia. Ukuta wa tofali za saruji unagharimu kidogo, haushiki kutu, na kwa maoni yetu ndio bora kwa nyumba ya chini, hata kama hauna sura ya dukani. Juu yake laza plaiwudi ya milimita 18, juu ya plaiwudi lile povu jeupe la kufungashia friji, milimita 20, lifyonze makosa madogo. Kifaa cha pimamaji kiseme sawa pande zote kabla ya tone la kwanza.

Maji

Hapa ndipo wengi wanapoteza mimea wakilaumu taa. Mji wa Mtwara hunywa maji ya visima virefu vya Mtawanya, Lindi ya Ng'apa, na sehemu kubwa ya ukanda wa pwani imekaa juu ya mawe yenye chokaa. Visima vifupi vya majumbani karibu na bahari huongeza chumvi juu ya hayo. Usikisie. Nunua kipimo cha matone cha ugumu wa maji, yaani wingi wa madini ya chokaa yaliyomo: cha ugumu wa kabonati na cha ugumu wa jumla. Vile vya karatasi huharibika haraka kwenye unyevu huu, na baada ya miezi michache husoma vinavyotaka.

Dawa ya ugumu hushuka kutoka mbinguni, Desemba hadi Aprili, na watu wa uwanda wa Makonde wamekuwa wakiihifadhi kwenye matangi tangu zamani. Maji ya mvua hayana ugumu karibu wowote, hivyo bomba lenye kipimo cha 12 likichanganywa nusu kwa nusu na mvua linatoa 6, kiwango kinachoridhisha mimea na samaki wengi. Mvua ya kwanza ya msimu iache ioshe paa, kwa sababu inashuka na vumbi la chumvi na vinyesi vya ndege. Baada ya hapo, kila mvua mwaga robo saa ya mwanzo. Mabati mapya yaliyopakwa zinki yaogope, hasa kama unataka kamba wadogo wa maji baridi, ambao hawavumilii zinki hata chembe.

Hesabu ya akiba ni hii. Unabadilisha robo ya maji kila wiki, lita 85, nusu yake mvua, yaani lita 42 na ushee. Kutoka Mei hadi Novemba ni wiki 30, jumla lita 1,275. Uso wa maji hupoteza lita 3 hivi kwa siku kwa mvuke, na hizo lazima zirudishwe kwa maji ya mvua matupu, kwa sababu mvuke unaondoka na maji na kuacha madini. Ukirudishia maji ya bomba, ugumu unapanda kila wiki bila wewe kujua. Lita nyingine 630. Simtanki la lita 2,000 linatosha na kubaki kidogo. La 1,000 litakuangusha kabla msimu haujageuka.

Maji ya bomba yenye klorini yakae siku mbili kwenye pipa lililo wazi, au siku moja ukiyapigia hewa kwa pampu.

Mchanga, udongo, magogo

Mifuko ya udongo maalumu wa akwariamu inayoletwa kutoka nje ni mizuri, lakini kwa eneo hili la sakafu inaleta bili ya kukasirisha. Mbadala unaofanya kazi ni udongo mwekundu wa bara, wenye chuma, chini ya mchanga wa mto. Chekecha udongo, uloweke kwenye beseni, mwaga maji ya juu kila siku kwa wiki moja, kisha uanike. Weka kina cha sentimita 2.5, kama lita 17, ndoo isiyojaa. Funika kwa mchanga wa mto wa punje za milimita 2 hadi 3: sentimita 4 mbele, 6 nyuma, karibu ndoo mbili za lita 20. Samadi usitie hata kiganja kimoja. Katika nyuzi 30 kila kilichooza huoza haraka, na mchanga utaanza kutoa mapovu yenye harufu ya yai viza ambayo huchoma mizizi.

Mchanga wa ufukweni ni mwiko, na si kwa chumvi tu, maana chumvi ungeiosha. Umejaa vigae vya makombe, na kombe ni chokaa. Ndivyo yalivyo na mawe ya matumbawe yanayojenga kuta za kale za Mikindani: mazuri kwa macho, lakini kila siku yanarudisha ugumu ulioondoa kwa mvua. Jiwe lolote lidondoshee siki. Likitoa povu, liende bustanini.

Kuhusu magogo, vipande vya mpingo kutoka kwa wachongaji huvutia kwa kuwa huzama vyenyewe bila kufungwa jiwe. Lakini vumbi lake linajulikana kwa kuwasha ngozi za wachongaji, na hatuoni sababu ya kulijaribu kwenye maji ya samaki. Mbao za mkorosho zina utomvu mkali, ziache. Mizizi ya mikoko ingefaa, ila mikoko inalindwa kisheria, na kipande kilichotupwa na maji nacho kinahitaji wiki nyingi za kulowekwa kutoa chumvi. Mzizi mkavu wa mwembe au mpera, uliochemshwa na kulowekwa mpaka uzame, hauna lawama. Majani makavu ya mkungu, yanayookotwa bure chini ya miti ya barabarani, matano au sita kwa tangi hili, hupaka maji rangi ya chai ambayo samaki wa mito ya misitu huipenda.

Kichujio na umeme

Kichujio cha kopo cha lita 2,000 kwa saa: namba hiyo ni ya pampu tupu. Ukiweka sponji na vijazio, na maji yakipanda mita moja na ushee kutoka chini ya stendi, tarajia 1,000 hadi 1,300. Kwa lita 340 hiyo inatosha. Pima siku ya kwanza: elekeza bomba la kutolea kwenye ndoo ya lita 20. Ikijaa kwa dakika moja una lita 1,200 kwa saa. Andika namba hiyo juu ya kopo. Siku ndoo itakapochukua sekunde 90, fungua usafishe, hata kama maji yanaonekana maangavu.

Tunachokipenda ni ukubwa wa vikapu vyake vinne na koki za kutenganisha mipira bila kumwaga maji. Tusichokipenda ni vijazio vinavyokuja navyo: mipira ya plastiki na vipande vya kauri vichache vya kuzibia macho. Kikapu cha chini jaza sponji ngumu, viwili vya kati kokoto za tofali la kuchoma za sentimita 2 zilizooshwa mpaka maji yasiwe mekundu, cha juu sponji laini. Tofali la kuchoma limejaa vitundu na bakteria hukaa humo vizuri, na limekwisha kulipiwa kwenye nyumba ya jirani. Mpira wa mfuniko upakwe grisi ya silikoni. Vaselini huulainisha mpaka uvimbe, na baada ya hapo kopo huanza kutoa machozi usiku. Kijiti cha kauri cha rota huvunjika kwa kuanguka tu, kwa hiyo agiza cha akiba pamoja na kichujio, maana kukitafuta baadaye ni kusubiri basi la Dar.

Toboa tundu la milimita 3 kwenye bomba la kuingizia na la kutolea, sentimita 2 chini ya uso wa maji. Mpira ukichomoka, kivutano cha maji kinakatika hapo, zinamwagika lita 15 badala ya 300. Waya wa umeme uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, tone lianguke sakafuni lisifuate waya.

Umeme ukikatika, kilicho hatarini kwanza ni kopo, si samaki. Bakteria waliofungiwa ndani humaliza oksijeni, na baada ya saa nne au zaidi maji yaliyomo huwa yamekufa. Umeme ukirudi, pampu husukuma uozo huo wote ndani ya tangi. Ukipita muda huo, fungua kopo, suuza vijazio kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Kwa samaki wenyewe, pampu ya hewa ya volti 12 inayokula wati 5 ikiunganishwa na betri ndogo ya Ah 7, ile ya kengele za ulinzi, inakwenda saa 8 bila kushusha betri chini ya nusu. Hiki ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha hii, na ndicho tungekinunua kwanza.

Taa, na ule mtungi

Taa ya seti imetengenezwa kung'arisha samaki wekundu na buluu, na ikifika chini ya maji ya sentimita 50 imechoka. Taa mbili za LED za nje, zile za kumulika uwanja, wati 50 kila moja, mwanga mweupe wa 6500K, zikining'inizwa sentimita 30 juu ya maji, hutoa mwanga wa kutosha kwa mimea tunayoipendekeza. Saa 6 kwa siku mwezi wa kwanza, kisha 8, kwa swichi ya saa na si kwa kumbukumbu ya watoto wa nyumbani. Kwa saa 8, taa na kichujio cha wati 35 vinakula karibu yuniti 1.6 za Luku kwa siku. Jua la dirishani lisiguse kioo kabisa. Maji ya kijani huanzia hapo.

Mtungi wa kaboni dioksaidi huleta mimea ya picha za majarida, hilo hatulikatai. Lakini maji ya nyuzi 25 yaliyoshiba hubeba miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba 7.5, na joto hilohilo humfanya samaki ahitaji oksijeni zaidi. Ongeza kaboni dioksaidi ya miligramu 30 kwa lita juu ya hali hiyo na hujabakiwa na nafasi ya kukosea. Seti za bei nafuu huja na koki ya mkono tu. Umeme ukikatika usiku, kichujio kinasimama, gesi inaendelea, na asubuhi unahesabu maiti. Feni ya kupuliza uso wa maji hushusha nyuzi 2 mahali pakavu. Hapa, unyevu wa kaskazi unaipunguzia nguvu, na inakunywa akiba yako ya mvua. Wakati wa kusi hali ni nzuri yenyewe.

Bila gesi, chagua mimea isiyoidai: valisneria 30 ukuta wa nyuma, higrofila vijiti 40 pembeni, kriptokorine 15 katikati, ekinodora 3 kama nguzo, anubia 5 zilizofungwa kwa uzi kwenye magogo. Panda zote siku moja. Tangi lililopandwa kidogo kidogo ni la mwani. Kitako cha valisneria kibaki juu ya mchanga, na shina la anubia lisifukiwe kamwe, litaoza. Kriptokorine zitayeyuka majani yote wiki ya pili. Usizing'oe, mizizi i hai.

Yungiyungi na ile mimea laini ya manyoya inayoelea kwenye madimbwi ya huku ni bure na hupenda joto. Ila konokono wa madimbwi hayo ndio wabebaji wa kichocho. Usiingie majini peku. Mimea ukiifikisha nyumbani, iloweke kwenye maji ya shabu, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4, saa 24, kisha suuza. Gugu maji lisiingie nyumbani kabisa, na chochote unachopunguza kwenye tangi kikaushwe juani, kisitupwe mtoni.

Mbolea: duka la pembejeo linatosha. Nitrati ya potasiamu gramu 5.5 huongeza miligramu 10 za nitrati kwa lita kwenye lita 340, na fosfati ya potasiamu nusu gramu huongeza miligramu 1. Dozi moja kwa wiki, siku ya kubadilisha maji. Vitundu kwenye majani ya zamani ni njaa ya potasiamu. Majani mapya meupe ni chuma.

Samaki wa basi

Kabla ya samaki, lisha bakteria wa kichujio, wale wanaovunja amonia, sumu inayotokana na taka za samaki. Urea ya shambani gramu 1.2, theluthi ya kijiko cha chai, hutoa miligramu 2 za amonia kwa lita ikishavunjwa, jambo linalochukua siku kadhaa. Pima kwanza, kwa sababu udongo wenyewe unaweza kuwa umeshaitoa. Amonia ikipanda, ikashuka, nitriti nayo ikapanda na kurudi sifuri, na dozi nyingine ikayeyuka ndani ya saa 24, tangi limekomaa. Wiki tatu hadi sita. Joto letu hapa linasaidia. Anayeharakisha akumbuke kwamba amonia yenye sumu ni sehemu tu ya amonia yote: kwenye pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya 7 na nyuzi 25 ni chini ya asilimia 1, kwenye pH 8 na nyuzi 30 ni zaidi ya asilimia 7. Kosa ambalo kwingine lingesamehewa, pwani ya kusini halisamehewi.

Huduma ya kutumiwa samaki kutoka Dar ni ya kubahatisha, na tofauti iko kwenye ufungaji. Muuzaji makini huwanyima chakula siku moja kabla, hutia maji theluthi moja ya mfuko na oksijeni theluthi mbili, mifuko miwili miwili, ndani ya deli lenye kifuniko. Asiye makini hujaza maji nusu na hewa ya mdomo. Kilomita 560 hivi si mchezo. Omba basi la usiku, deli likae ndani na si kwenye buti juu ya injini, na uombe picha ya mifuko kabla haijafungwa delini. Anayekataa kupiga picha, mruke.

Mifuko ikifika, elea mfuko uliofungwa dakika 20 joto lilingane, fungua, vua kwa wavu, mwaga maji ya mfuko. Ule mtindo wa kudondosha maji ya tangi tone kwa tone kwa saa nzima unafaa samaki wa mtaa wa pili. Kwa waliosafiri saa kumi ni hatari: mfuko ukifunguliwa gesi ya pumzi yao inatoka, pH inapanda, na amonia iliyokuwa imelala inakuwa sumu wakiwa humo ndani. Beseni la lita 60 lenye sponji ya hewa liwe karantini ya wiki tatu.

Kataa goldifishi, wa maji ya ubaridi na mlaji mzuri wa mimea yako. Kataa "papa" mdogo wa kijivu, ambaye ni pangasi na hupita mita moja. Kataa pleko wa kawaida, yule mnyonya vioo, anayefika sentimita 40. Omba ansistrus anayeishia 12 hadi 15. Samaki wa miamba wa Ziwa Nyasa ni fahari yetu, lakini watachimba kila kriptokorine. Na wale notobranki wa vidimbwi vya msimu vya pwani hii, wenye mayai yanayongoja mvua ndani ya tope, wanahitaji tangi lao dogo peke yao.

Kama hutaki kuhangaika na mvua, weka moli na plati, dume mmoja kwa majike watatu, nao watafurahia chokaa. Kwa maji yaliyolainishwa, anza na koridorasi sterbai 10, wanaovumilia joto kuliko ndugu zao, pamoja na ansistrus 2. Wiki mbili baadaye tetra pua-nyekundu 20. Lisha mara moja kwa siku, kinachoisha ndani ya dakika mbili, na siku moja ya wiki wafunge. Samaki malaika watano wadogo, ukubwa wa sarafu, waingie mwisho, wakute wenzao wameshapazoea. Wakishaoana jozi mbili, wa tano atafutiwe tangi jingine siku hiyohiyo, kabla hajakatwa mapezi.